Mwiba Mmoja, Pancha Tatu: Kumaliza Safari Ndefu ya Baiskeli Siku Mambo Yakiharibika

Jumamosi moja nilipata pancha tatu kati ya Kiserian na Isinya, kusini mwa Nairobi, zote kwa mwiba mmoja. Pancha ya kwanza nilibadilisha tyubu mbiombio kwa sababu wenzangu walikuwa wameshapotelea mbele, nikasahau kupapasa ndani ya tairi. Mwiba wa mgunga ulikuwa bado umekwama humo. Ukatoboa tyubu ya pili, kisha ukatoboa tena ile ya kwanza niliyokuwa nimeiziba. Utaratibu ufuatao ulizaliwa siku hiyo, kwenye mzunguko wetu wa mazoezi: Rongai, Kiserian, Isinya, Kitengela na kurudi mjini kwa Barabara ya Mombasa, zaidi ya kilomita 100.

Hatua ya 1: Panga pa kukatia tamaa

Fanya hivi usiku kabla ya safari, ukiwa na akili timamu. Kiserian, Isinya na Kitengela kuna maduka, mafundi na matatu za abiria. Baada ya Kiserian ni mbuzi, upepo na kivuli haba, kwa hiyo breki ikikwaruza au tumbo likinguruma kabla ya hapo, geuza. Mimi huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na nikiwa sijafika Isinya saa nane mchana, baiskeli inapanda matatu. Jua la Nairobi huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, halikungoji.

Hatua ya 2: Shuka, usiguse kitu

Kitu kikiharibika, toka kabisa barabarani. Tafuta kivuli, kunywa maji, kula ndizi. Dakika tano. Najua wenzako wanakuacha, waache waende.

Hatua ya 3: Ziba pancha mara moja tu

Kabla ya kutoa tairi lote, weka alama mahali valvu ilipokaa. Toa tyubu, ijaze upepo, isogeze karibu na mdomo: tundu utalihisi kwa ubaridi kabla hujalisikia. Ilinganishe na tairi ukifuata ile alama, nawe utajua mwiba uko wapi. Papasa ndani polepole kwa kitambaa, maana kidole kitachanika. Hata ukiupata mwiba, endelea hadi umalize mzunguko. Huwa ni miwili.

Kwaruza tyubu, paka gundi nyembamba, kisha ngoja. Hapa ndipo wengi huharibu. Gundi ikiwa bado inang'aa, kiraka kitateleza. Ikipoteza mng'ao, kibandike na ukibane kwa nguvu. Tairi likiwa limechanika, kunja pakiti ya maziwa uiweke kwa ndani, kati ya tairi na tyubu. Itakufikisha kwa fundi.

Hatua ya 4: Itambue njaa kabla haijakulaza

Akiba ya sukari mwilini hutosha takriban saa moja na nusu hadi mbili za kukanyaga kwa nguvu. Ikiisha, miguu hujaa mchanga na unaanza kumchukia mwenzako kwa kupiga mluzi tu. Hiyo hasira ni njaa. Kunywa soda au chai yenye sukari nyingi, keti robo saa, ndipo ule kitu kizito. Afadhali usifike huko: ndizi moja au andazi kila nusu saa, tangu saa ya kwanza, hata kama hutaki. Maji matupu lita baada ya lita, bila chumvi, nayo ni hatari. Yai la kuchemsha lenye chumvi hunitosha.

Hatua ya 5: Usishindane na upepo

Kuelekea Isinya unakwenda kusini-mashariki, na katikati ya mwaka upepo hutoka hukohuko. Punguza gia, inama, sahau kasi. Ukikata kona ya Isinya kwenda kaskazini, upepo huohuo unakusukuma mgongoni.

Hatua ya 6: Vikikatika

Spoku: izungushie jirani yake isipigepige, legeza breki ikiwa rimu inagusa. Waya wa gia ya nyuma: cheni itaangukia gia ndogo kabisa, ile nzito, tumia gia ndogo ya mbele, na mlimani tembea. Hakuna aibu.

Hatua ya 7: Kipande cha mwisho

Baiskeli haziruhusiwi kwenye barabara ya juu ya kulipia inayoanzia Mlolongo, kwa hiyo utapita chini pamoja na malori. Umechoka, macho yamejaa vumbi, na dereva hakuoni. Bila taa mbele na nyuma, usipite Kitengela jioni.

Ile Jumamosi sikupita. Nilitoa magurudumu yote mawili, nikapatana nauli na kondakta kabla ya kupakia, nikalipia viti viwili: kimoja changu, kimoja cha baiskeli. Mwiba ninao bado, kwenye kibeti cha vifaa.