Jinsi ya kuunganisha punguzo la wazee na salio la wakala kwenye safari ya meli ya kitalii

Mwongozo huu unahusu meli za kitalii zinazouzwa Marekani, zile zinazotoka Miami, Galveston au Los Angeles kwenda Karibea na Meksiko. Umeandikwa kwa ajili ya wazee wanaoishi huko na kwa watoto wanaowalipia wazazi wao.

Watu wengi huona punguzo la wazee, wakalichukua, wakaishia hapo. Wengine hutaka kurundika kila ofa waliyoiona na kuambiwa kwenye simu kwamba haiwezekani. Jambo la kushika ni hili: kila punguzo lina mfuko linakotoka. Kampuni ya meli hutoa kwenye nauli. Wakala wa safari hutoa kwenye kamisheni yake, mara nyingi kama salio la kutumia melini. Chama cha wazee, kwa mfano AARP, hutoa kwenye kadi za zawadi (kadi zenye fedha zilizolipiwa mapema) kinazowauzia wanachama wake kwa bei pungufu. Mfuko wa nne ni salio ambalo kampuni ya meli huwapa wenye hisa zake. Mfuko mmoja hautoi mara mbili kwa buking moja, lakini mifuko minne tofauti inaweza kutoa yote kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mtu yeyote "je, ofa hizi mbili zinaungana?", jiulize kwanza kila moja inatoka mfuko gani.

Hatua ya 1: Pata bei ya wazi, kisha bei ya miaka 55

Fungua tovuti ya kampuni ya meli na utafute safari unayoitaka bila kuweka umri. Andika nauli, kodi na ada za bandari kila kimoja peke yake. Halafu tafuta tena ukiwa umeweka alama kwenye kisanduku cha miaka 55 na zaidi. Carnival na Royal Caribbean wana kisanduku hicho, na kinachotakiwa ni mtu mmoja tu katika chumba awe amefikisha umri huo. Mwenzake anaweza kuwa na miaka 30.

Nauli ya wazee haipo kwenye kila safari. Hutolewa pale kampuni inapotaka kujaza vyumba, na inaweza kuonekana Jumatatu na kutoweka Alhamisi. Kodi na ada za bandari hazipunguzwi na mtu yeyote, hivyo usizihesabu kwenye asilimia ya punguzo. Tarehe ya kuzaliwa iandikwe kama ilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu vitambulisho hukaguliwa bandarini.

Nauli ya wazee ni aina mojawapo ya nauli, kama ilivyo nauli ya wakazi wa jimbo fulani, ya wanajeshi, au ya kundi. Chumba kimoja hubeba aina moja tu. Hapa ndipo maombi mengi ya kuunganisha yanapokwama: mtu anataka nauli ya wazee juu ya nauli ya wakazi wa Florida, na zote mbili zinatoka mfuko mmoja.

Hatua ya 2: Peleka bei hiyo kwa mawakala watatu

Kampuni za meli huwalipa mawakala kamisheni, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 16. Haihesabiwi kwenye bei yote. Kodi, ada za bandari na sehemu ya nauli ambayo kampuni imeitenga huwa nje ya hesabu. Mkilipa dola 2,080 kwa watu wawili, huenda ni dola 1,500 tu zinazomletea wakala kamisheni. Kwa asilimia 14 atapata dola 210, na wakala mkarimu atakurudishia karibu nusu yake. Ukijua hesabu hii hutadai dola 400 kutoka kwa mtu anayepata 210, na pia hutaridhika na dola 25.

Mawakala wengi hawaruhusiwi kutangaza nauli iliyo chini ya ile ya kampuni. Hivyo humpa mteja salio la kutumia melini: fedha zinazoingizwa kwenye akaunti yako ya meli, utumie kwa vinywaji, matembezi ya bandarini, intaneti na bakshishi. Wengine hutoa kwa njia nyingine. Costco Travel, kwa mfano, hutoa kadi ya kununulia dukani kwao, na huitoa baada ya safari. Ni fedha nzuri kwa anayenunua unga na mafuta huko kila wiki, lakini haitakulipia chochote ukiwa baharini.

Waandikie mawakala watatu ujumbe ule ule: jina la meli, tarehe, aina ya chumba, nauli ya wazee uliyoiona, na maswali haya. Utanipa salio la kiasi gani kwa nauli hii? Je, una nafasi za kundi kwenye safari hiyo, kwa bei gani na salio gani? Salio hilo likibaki, linarudishwa au linapotea? Unapokea kadi za zawadi za kampuni ya meli? Ofisi yako inatoza ada yake nikighairi? Majibu yawe ya maandishi. Ya simu husahaulika.

Swali la nafasi za kundi lina uzito. Mawakala wakubwa hushika vyumba mapema kwa nauli ya kundi, na huhitaji kumjua mtu yeyote katika kundi hilo. Nauli hiyo haiungani na ya wazee, lakini mara nyingi huja na salio kubwa zaidi.

AARP nayo ina ukurasa wa safari unaoendeshwa na Expedia. Ukibuki huko, wakala wako ni Expedia, na buking haina mawakala wawili. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kadi za zawadi za hatua ya 4.

Hatua ya 3: Linganisha kwa kilichobaki mfukoni

Tuchukue mfano wa siku 7 Karibea na Carnival, watu wawili, chumba chenye roshani. Tarakimu ni za kuonyesha hesabu tu.

Bei ya wazi: nauli 1,800 na kodi na ada 280, jumla dola 2,080.
Nauli ya wazee: 1,680 na 280, jumla 1,960. Wakala anatoa salio la 75. Thamani halisi 1,885.
Nauli ya kundi: 1,740 na 280, jumla 2,020. Wakala anatoa salio la 150. Thamani halisi 1,870.

Kundi limeshinda kwa dola 15, ila kwa sharti moja: salio liwe ni fedha ambazo ungezitumia hata hivyo. Kwa watu wengi jibu ni ndiyo, kwa sababu ya bakshishi. Kampuni kubwa hutoza takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na watoto huhesabiwa pia. Kwa dola 16, wawili hawa watadaiwa 224 kwa siku 7. Salio la 150 litamezwa na bakshishi peke yake. Lakini mzee ambaye ameshalipiwa bakshishi na watoto wake, hanywi pombe na hashuki bandarini, achukue nauli ya chini. Salio asilolitumia halina thamani kwake.

Hapo pia pana kosa la kuepuka. Usilipe bakshishi mapema ikiwa una salio lisilorudishwa. Ukilipa mapema, utafika siku ya mwisho unatafuta fulana za kununua ili salio lisipotee.

Hatua ya 4: Lipa kwa kadi za zawadi zilizopunguzwa

Hapa ndipo uanachama wa wazee unapoleta faida kubwa kuliko nauli yenyewe. AARP imekuwa ikiwauzia wanachama wake kadi za zawadi za Carnival kwa asilimia 10 pungufu: kadi ya dola 500 kwa dola 450. Kampuni ya meli huiona kadi hiyo kama fedha taslimu, kwa hiyo haigombani na aina ya nauli, wala salio la wakala, wala kitu kingine chochote. Uanachama unagharimu chini ya dola 25 kwa mwaka, mtu mmoja wa nyumbani huongezwa bure, na ingawa chama kinawalenga watu wa miaka 50 na zaidi, hata mwenye miaka 18 anaweza kujiunga.

Kadi hizi huuzwa zikaisha, na kuna kikomo cha ununuzi. Usisubiri wiki ya malipo ya mwisho. Malipo hayo hudaiwa siku 75 hadi 90 kabla ya kuondoka, na kwa baadhi ya safari ndefu hufika 120. Ukibuki miezi minane kabla, una nafasi ya kununua kadi moja moja kila zinapopatikana. Ila hakikisha kwanza wakala anazipokea. Wapo mawakala wanaotoza kadi yako ya benki kupitia akaunti yao wenyewe badala ya kupeleka malipo kwa kampuni ya meli, na kwao kadi ya zawadi haitafanya kazi.

Kwenye mfano wetu, kadi nne hulipa dola 2,000 kwa gharama ya 1,800. Dola 20 zilizobaki zilipie kwa kadi ya benki.

Mambo mawili yanaharibu faida hii. La kwanza, kadi nyingi za benki hutoa bima ya safari kwa kile tu kilicholipwa kwa kadi hiyo. Ukilipa kwa kadi za zawadi, bima hiyo inapungua au inaondoka kabisa, na kwa mtu wa miaka 75 ni hasara kubwa. Nunua bima ya pekee yenye matibabu na usafirishaji wa mgonjwa. La pili, ukighairi, marejesho hurudi kwenye kadi ile ile ya zawadi. Usizitupe wala kufuta namba zake mpaka mzee awe amerudi nyumbani.

Na tahadhari kwa ajili ya wazee hasa: matapeli hupenda kadi za zawadi. Mtu aliyekupigia simu mwenyewe akitaka umsomee namba za kadi, kata simu. Wakala halali atakupa namba ya buking ya kampuni ya meli, nawe utaiingiza kwenye tovuti ya kampuni na kuona malipo yamefika. Majimbo ya California, Florida, Washington na Hawaii huwataka wauzaji wa safari wasajiliwe. Uliza namba ya usajili.

Hatua ya 5: Hisa, kwa anayezo tayari

Mwenye hisa 100 za Carnival Corporation hupata salio la dola 50 kwa safari ya siku 6 au chini, 100 kwa siku 7 hadi 13, na 250 kwa siku 14 au zaidi, kwa kila chumba. Haliji lenyewe. Omba wiki tatu au zaidi kabla ya safari, ukiwa na uthibitisho wa hisa. Halibadilishwi kuwa fedha, na masharti yake hayaruhusu litumike kwa kamari wala bakshishi. Kwa hiyo lipangie matembezi au vinywaji, na la wakala liende kwenye bakshishi. Usinunue hisa 100 kwa ajili ya salio hili tu. Bei ya hisa ikishuka dola 3, umepoteza 300 ili upate 100.

Sasa jumlisha mfano. Umetoa 1,820 kwa safari na 74 kumalizia bakshishi, jumla 1,894. Bila mbinu yoyote ungetoa 2,080 na 224, yaani 2,304. Tofauti ni dola 410, na mwenye hisa ana 100 nyingine za kutumia.

Hatua ya 6: Linda ulichokipata

Ikiwa ulishabuki moja kwa moja na kampuni, unaweza kuhamishia buking kwa wakala, mara nyingi ndani ya siku 30 hadi 60 na kabla hujamaliza kulipa. Ukipitisha muda huo, kampuni inabaki na kamisheni, nawe huna mtu wa kukupa salio. Wanaobuki safari inayofuata wakiwa bado melini wanaweza kutaja jina la wakala papo hapo, wakapata ofa ya melini na salio la wakala kwa pamoja.

Angalia bei kila wiki hadi siku ya malipo ya mwisho. Ikishuka, usiruke kuibadilisha. Kubadili aina ya nauli kunaweza kufuta salio lililokuja na ofa ya kwanza, na wakala naye hupunguza lake kwa sababu kamisheni imepungua. Muulize: "Nikihamia nauli mpya, nabaki na salio gani kwa jumla?" Nauli ikishuka dola 40 na salio likashuka 75, baki ulipo. Kama kianzio chako (malipo ya awali ya kushika chumba) ni kile kisichorudishwa, ongeza ada ya mabadiliko kwenye hesabu. Mabadiliko yote yapitie kwa wakala. Kampuni ya meli haitagusa buking ya wakala kwa simu yako.

Wiki moja kabla ya safari, ingia kwenye akaunti ya kampuni uone kama salio limeonekana. Lisipoonekana, mwandikie wakala siku hiyo hiyo na umwambatishie ahadi yake ya maandishi. Ukishapanda meli, ofisi ya wageni haina uwezo wa kukupa salio ambalo wakala hakulituma.

Kwa mzazi anayekuja kutoka Dar es Salaam au Mombasa, viza yake ya Marekani iwe ya kuingia mara nyingi. Meli ikitoka Miami na kugusa Karibea, ametoka nchini, na kurudi ni kuingia upya. Hakikisha hilo kabla ya kulipa kianzio.

Melini, soma akaunti yako siku mbili kabla ya mwisho. Salio lisilorudishwa litumike kwanza. Linalorudishwa hulipwa mwisho wa safari. Usingoje usiku wa mwisho, kwa kuwa foleni ya ofisi ya wageni huwa ndefu na maduka hufungwa meli inapokaribia bandari.