Somo: Kantangaze kwenye mashina machache ya nyanya, bila kubeba bomba la dawa

Habari za wikiendi wanabustani. Maswali ya nyanya yamekuwa mengi siku hizi, na ukiyachambua, mengi yanaishia kwa mdudu mmoja, kantangaze. Leo tumkalishe kikao. Somo hili ni la mwenye mashina matano, kumi, tuseme ishirini, nyuma ya nyumba, kwenye ndoo au kwenye viroba. Mwenye ekari zake Ilula au Ngarenanyuki ana hesabu nyingine, ingawa akitaka kukaa nasi kiti kipo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wa kubisha abishe chai ikiwa bado ya moto: kwa bustani ya nyumbani, macho, vidole na mfuko wa plastiki vinamshinda kantangaze kuliko dawa ya chupa. Sababu zake zitaonekana tukiendelea.

Mdudu mwenyewe ni mgeni. Kwao ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka hadi Afrika Kaskazini, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Tanzania. Vitabuni ni Tuta absoluta, na majirani zetu Wakenya wanamwita Tuta basi. Mkubwa wake ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, mrefu kama punje ya mchele. Mchana hujificha katikati ya majani, usiku ndiyo anazurura na kutaga. Anayekula ni kiwavi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Chuma jani lenye alama, liinue lielekee jua. Ukiona mstari mwembamba uliojipindapinda kama mtoto kachezea kalamu, huyo ni mdudu mwingine na hasara yake si kubwa. Kantangaze hachori mstari, anafungua baka zima. Anakula nyama ya jani na kuacha ngozi mbili, ya juu na ya chini, na ndani yake utaona vinyesi vyeusi, pengine na mwenyewe akijisogeza: mweupe-kijani, na akikua mgongo unakuwa na wekundu kidogo. Kwenye tunda anapenda kuingilia kwenye kikonyo, chini ya yale majani madogo ya juu, kwa hiyo nyanya inaweza kuonekana nzima kabisa mpaka uigeuze.

Hatua ya 2: Linda kitalu

Wengi wananunua miche iliyokwisha kutagiwa, halafu wanashangaa mdudu katoka wapi. Sia mwenyewe. Mbegu za Tanya au Cal J zinapatikana maduka mengi ya pembejeo, nazo ni fupi, zinafaa ndoo. Kitalu kifunike kwa chandarua kilichochakaa, matundu yake yakiwa yameshonwa, kingo zake zikafukiwa udongoni. Chandarua kizima kiacheni kitandani, mbu hawajahama.

Hatua ya 3: Kupandikiza

Hapa sina mengi. Mbolea ya samadi iliyooza vizuri, nafasi ya nusu mita au zaidi kidogo kati ya shina na shina, kijiti cha kuegemea, na matandazo ya majani makavu. Shina likishakua, ondoa majani ya chini yanayogusa udongo. Aina ndefu kama Moneymaker ipunguzie machipukizi ya kwapani. Tanya na wenzake wafupi usiwapunguzie sana, utajinyima matunda.

Hatua ya 4: Ukaguzi (hapa ndipo kazi ilipo)

Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260 maishani mwake, moja moja, mengi chini ya majani. Yai halifiki nusu milimita. Linaanguliwa ndani ya siku chache, kiwavi anajichimbia jani, anakula, anakua, kisha anashuka udongoni au anabaki kwenye jani lililokunjika na kuwa pupa, yaani anajifungia atulie mpaka ageuke nondo. Kwa joto la hapa Morogoro mzunguko mzima ni kama wiki nne, na wakati mwingine pungufu. Ukimwacha mmoja leo, mwezi ujao unaongea na ukoo.

Kwa hiyo kagua mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla jua halijawa kali. Anza majani ya juu na vichipukizi, maana jike anapenda kutaga kwenye sehemu laini, kisha shuka. Geuza kila jani. Baka dogo lenye kiwavi ndani, libinye kwa vidole palepale afe hapohapo, yeye, si wewe. Jani lenye mabaka mengi, likate. Tunda lililotobolewa, lichume hata kama bado ni bichi na roho inauma.

Sasa kosa kubwa la bustani zetu: hayo majani na matunda watu wanayatupa pembeni ya tuta au kwenye shimo la mboji. Kiwavi hafi kwa kuchumwa. Atamaliza kula, atageuka pupa kwenye lundo lako, na atarudi akiwa na mabawa. Tia kila kitu kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, uache juani kwenye bati au sakafu ya saruji kwa wiki moja au mbili. Joto la humo ndani linawamaliza. Baada ya hapo ukitaka fukia.

Mashina kumi ukiyazoea unayamaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Na faida yake nyingine haisemwi sana: ukiwa unageuza majani utamwona pia utitiri mwekundu, inzi weupe na vidukari wangali wachache.

Hatua ya 5: Mtego wa beseni

Maduka ya pembejeo yanauza kidonge cha mpira chenye harufu ya jike. Kining'inize kwa waya juu ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, karibu na usawa wa ardhi. Madume wanakuja kuchumbia, wanazama. Kidonge kinadumu wiki kadhaa, soma pakiti yake, na usikishikeshike kwa mkono mtupu.

Lakini tusidanganyane: mtego unakamata madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa hana habari na beseni lako. Kwa bustani ndogo mtego ni mpiga mbiu. Asubuhi ukikuta nondo wengi kuliko jana, ongeza ukaguzi. Ukiweka mtego ukaacha kukagua, umelisha beseni.

Hatua ya 6: Mwarobaini, na ikibidi Bt

Mbegu za mwarobaini zilizokauka na kumenywa, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka tone la sabuni ya maji ili ishike kwenye jani. Nyunyizia jioni, maana jua linaiua nguvu. Elekeza chini ya majani. Rudia kila wiki wakati wadudu wapo. Mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo, unamkatisha hamu ya kula na kumvuruga asikue, kwa hiyo usinyunyize jioni ukaja asubuhi kulalamika kwamba bado anatembea.

Bt ni dawa ya bakteria, kirefu chake Bacillus thuringiensis. Kiwavi lazima aile, na inafanya kazi vizuri zaidi akiwa bado mdogo. Nayo ni ya jioni.

Kuhusu dawa kali: kiwavi yuko ndani ya jani, na dawa nyingi zinaishia juu ya ngozi. Unaowaua kwanza ni buibui na wadudu wengine waliokuwa wanamla bure bila kukudai mshahara. Isitoshe, kantangaze amejenga usugu kwa dawa nyingi duniani. Na nyanya zenyewe mtoto anapita anachuma na kula bila kuosha. Atakayelazimika kuitumia asome siku za kusubiri kabla ya kuvuna na aziheshimu.

Hatua ya 7: Ukimaliza kuvuna, ng'oa

Mashina makuukuu yaliyoachwa yajifie ndiyo nyumba ya kulala wageni ya mdudu huyu. Ng'oa, fungia kwenye mifuko kama mwanzo. Msimu unaofuata panda mchicha, maharage, vitunguu au bamia. Usifuatishe bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo wala mnavu, wote hao ni ndugu wa nyanya na mdudu anawajua kwa sura.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Chumbageni, Tanga: Asante mwalimu. Mimi kantangaze namwogopa, lakini kuku wa jirani namwogopa zaidi. Juzi kachakura miche mitatu, na jirani mwenyewe ni mkwe, siwezi kusema neno. Hivi kuku hawawezi kutusaidia kula hao pupa wa udongoni?

Jibu: Shikamoo mama. Wanaweza, tena wanafurahia, ila kwa zamu. Ukishang'oa nyanya zote, waite kuku wa mkwe wachakure bustani nzima kwa siku kadhaa. Mkwe ataona umewakaribisha. Miche ikiwa midogo na nyanya zikianza kuiva, zungushia wavu au makuti. Kuku anapenda nyanya nyekundu kuliko pupa.

Kijana wa Ilula: Kaka, heshima yako. Ila mimi nina ekari mbili. Nikianza kugeuza jani mojamoja nitamaliza mwaka wa uchaguzi.

Jibu: Ndiyo maana nikasema wa ekari ana hesabu zake. Kwako mitego mingi ndiyo ya kuanza nayo, kisha mkubaliane na majirani kung'oa masalia kwa wakati mmoja, kwa sababu nondo haoni mpaka wa shamba. Dawa zibadilishe kwa kundi lake la utendaji, yaani namna inavyomuua mdudu, siyo jina la dukani tu. Chupa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na kiini kilekile. Pitia kwa bwana shamba wa kata akusomee lebo. Na yale matunda mabovu unayomwaga kando ya barabara wakati wa kupanga kwenye matenga, hayo peke yake yanatosha kukurudishia mdudu.

Dada wa Tabata: Mimi mdudu simwoni. Nyanya zangu zina majani mazuri hadi wapita njia wanasifia, maua yanakuja, yanapukutika yote. Nilipanda Novemba.

Jibu: Dada, hilo ni joto, hasa la usiku. Nyanya ikilala kwenye joto la nyuzi 24 au 25 na kuendelea, ua linashindwa kushika tunda, na Dar ya Januari unaijua mwenyewe, feni inazunguka tu. Sia kuanzia Aprili au Mei ili maua yaangukie Juni hadi Agosti. Kwa sasa ziwekee kivuli cha mchana na maji ya kutosha, na usiongeze yuria, hiyo inazidisha majani ya kusifiwa na wapita njia.

Mkulima wa Nakuru: Hujambo mwalimu. Zangu zinanyauka mchana zikiwa kijani kabisa, jioni zinaamka kidogo, baada ya siku chache zinakufa. Agrovet ameniuzia dawa ya ukungu mara mbili, hakuna kitu.

Jibu: Sijambo ndugu. Usinunue ya tatu. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu haimgusi. Ng'oa shina pamoja na udongo wa mizizini, osha kisu na jembe, na hapo usipande jamii ya nyanya kwa misimu kadhaa. Mahindi au sukuma wiki hazina shida. Kama ni kwenye ndoo, badilisha udongo wote.

Babu wa Moshi: Sisi zamani tulimwaga majivu na mambo yakaisha. Na mama yenu hapa anasema sabuni ya unga inaua kila kitu.

Jibu: Shikamoo babu. Majivu yanasaidia kwa wadudu wanaotembea juu ya jani, lakini huyu yumo ndani, amejifungia mlango. Sabuni ya unga mama asiitumie, inaunguza majani. Kwa vidukari na inzi weupe atumie sabuni ya maji kidogo sana kwenye lita ya maji, ajaribu jani moja kwanza aone kesho yake.

Mama wa Chumbageni, Tanga: Nimerudi. Nyanya zina kitako cheusi kilichobonyea, hakuna tundu wala kinyesi. Ni huyohuyo?

Jibu: Siyo yeye mama. Hiyo ni kuoza kitako, madini ya chokaa (kalsiamu) hayafiki kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni maji ya kubahatisha: mgao ukikatika udongo unakauka kabisa, maji yakirudi unamwagilia mpaka ndoo inafurika. Weka matandazo mazito na umwagilie kidogo kila siku. Jaza dumu moja la akiba ya nyanya siku maji yanapotoka.

Dada wa Tabata: Swali la mwisho la mpishi. Nyanya yenye tundu moja la kantangaze, naitupa nzima au nakata?

Jibu: Kata sehemu yenye njia na vinyesi, iliyobaki ikiwa ngumu na haina harufu, pika. Ikiwa imelainika au imeanza kuoza, usiihangaikie. Ila hicho kipande ulichokata kisiende kwenye ndoo ya maganda inayoishia mbojini. Kiende kwenye mfuko, na mfuko uende juani.