SOMO: Gari lako linataka petroli ya oktani ngapi? (Soma yote kabla hujaniuliza)

Wakuu, habari za saa hizi.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Bro niweke ya kawaida au ile ya bei?" Nimechoka kujibu kitu kilekile kwa kidole gumba nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena ninamrudisha hapa.

Kwanza tuelewane. Oktani siyo nguvu, wala siyo usafi wa mafuta. Ni namba inayosema petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe. Pistoni inapanda, inabana hewa na petroli, joto linapanda, plagi inatoa cheche, moto unasambaa kwa utaratibu. Sasa petroli yenye oktani ndogo ukiitia kwenye injini inayobana sana haisubiri. Moto wa plagi haujafika pembeni, huko pembeni imeshalipuka kivyake, na kishindo chake kinapiga kichwa cha pistoni. Huko ndiko kugonga. Msichanganye na "kunoki" ya mtaani, ile ya injini iliyokwisha kufa inayosubiri kushushwa. Hii ninayoisema ndiyo inayoweza kukufikisha kule.

Na injini isiyobana sana ukiipa oktani kubwa haifanyi chochote cha ziada. Umelipa tu.

HATUA YA 1: Fungua kifuniko cha tenki, soma.

Magari yetu mengi ni ya Japani na stika ni ya Kijapani. Ukiona レギュラー hiyo ni regula. Ukiona プレミアム au ハイオク hiyo ni ya oktani ya juu, Wajapani wanaiita haioku. Ukiona 軽油 hiyo ni dizeli, funga kifuniko ukatulie kidogo. Kwa kiwango cha Japani, regula ni RON (njia mojawapo ya kupima oktani) 89 kwenda juu na haioku ni 96 kwenda juu. Petroli ya kawaida ya hapa kwetu inavuka mahitaji ya regula, kwa hiyo wenye IST, Vitz, Passo na ndugu zao wengi somo limeishia hapa. Magari ya Ulaya yameandikwa namba kabisa, RON 95 au 98. Mjerumani anaandika ROZ, ni kitu kilekile.

HATUA YA 2: Hakikisha namba unayoisoma ni ya nchi gani.

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo vumilieni maneno.

Nilinunua Subaru Forester ya turbo (injini inayosukumiwa hewa kwa nguvu, kwa hiyo inabana sana), gia za mkono, kwa mtu. Gari lilikuwa limepigwa rangi upya na stika ya kwenye kifuniko imefunikwa. Nikaingia mtandaoni, nikakuta kitabu cha Forester ya turbo ya Marekani: oktani 91. Nikacheka. Nikasema kama inataka 91 tu, basi sheli yoyote Dar inaniweza. Nikatembelea hivyo miezi mitano, hapa mjini foleni tupu, haikuonyesha dalili yoyote.

Desemba tukaenda Mbeya. Watu watano, buti imejaa mpaka hatuoni nyuma. Mlima Kitonga nikapata upenyo wa kulipita lori, nikakanyaga nikiwa gia ya nne kwa uvivu wa kushusha. Nikasikia mlio kama mtu anatikisa kopo lenye misumari midogo. Shemeji akauliza, "Hiyo ni spika?" akaongeza redio. Na mimi, badala ya kuachia mguu, nikafurahi redio imeongezwa. Tulifika. Wakati wa kurudi, kuanzia Mikumi nyuma kukawa na moshi wa bluu. Fundi alipofungua, bega la pistoni linaloshika ringi lilikuwa limemeguka. Kipande chenyewe kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ninacho hadi leo kwenye droo. Kilinigharimu milioni tatu na ushee.

Kosa langu? Mmarekani hatumii RON. Anapima kwa njia mbili, RON na MON, anajumlisha, anagawa kwa mbili, na wastani huo ndio anaoubandika kwenye pampu. Namba yake siku zote inakuwa ndogo kwa mafuta yaleyale. 87 ya Marekani ni kama RON 91 au 92. 91 yake ni kama RON 95 au 96. 93 yake ni kama RON 98. Isitoshe, gari langu lilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako kifuniko chake kinadai haioku. Nilisoma kitabu cha gari la mtu mwingine.

Kwa hiyo: usichukue namba kwenye video ya Mmarekani ukaja nayo sheli ya Tabata. Usiamini jina la gari pia, maana jina moja linaweza kuwa na injini tatu, mbili za regula na moja ya haioku. Stika ikiwa haipo, soma namba ya aina ya injini kwenye kibati cha utambulisho wa gari, tafuta kitabu cha soko la gari lako. Na ukisikia misumari kwenye kopo, ACHIA MGUU, shusha gia. Usiongeze redio.

HATUA YA 3: Kama ni turbo, au imeandikwa haioku, uliza sheli "RON ngapi?"

Pampu nyingi zina bei na neno petroli, namba hakuna. Muulize msimamizi, siyo kijana wa pampu. Angalizo: ile ya bei ya juu mara nyingine kilichoongezwa ni dawa ya kusafisha tu, oktani ni ileile. Akikujibu "hii ni nzuri zaidi bosi", hajakujibu.

HATUA YA 4: Jaza sheli moja unayoiamini, dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi).

Neno "kuchakachua" mnalolitumia hadi kwenye mapenzi lilivuma kutokana na mafuta. Watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa, ambayo oktani yake ni ndogo mno, hadi mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia biashara ya mafuta, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta ili yaliyochezewa yajulikane, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kuondoa faida ya kuchanganya. Risiti ndiyo ushahidi wako siku yakikukuta.

HATUA YA 5: Ukikosea ukaweka ya chini, usimwage.

Endesha taratibu, usibebe mzigo, tenki likifika nusu ongeza ya juu. Ila ukiwekewa DIZELI kwenye gari la petroli usiwashe hata swichi. Sukuma pembeni, ita fundi anyonye tenki.

Maswali karibuni.

---

Chalii wa Kimara: Mkuu somo zuri sana. Mimi nina IST niweke ipi?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Chalii wa Kimara: Nimesoma mkuu ila kwa ufupi ni ipi

Mwandishi: Kwa ufupi: kifuniko.

Mama Tausi: Mwanangu asante kwa somo. Mimi kila mwisho wa mwezi naiwekea Raum yangu ile ya bei ili "ioge". Nakosea?

Mwandishi: Shikamoo mama. Hukosei, ila hiyo haihusiani na oktani. Kinachoosha ni dawa iliyomo, na Raum yako petroli inapita juu ya valvu kabla ya kuingia, kwa hiyo kuna kinachooshwa. Mara moja kwa mwezi ni kama kuoga Ijumaa kwa Ijumaa, bora kuliko kutooga. Mimi hela hiyo ningeiweka kwenye oili na plagi.

Mdau wa D4: Na sisi wenye injini za D4?

Mwandishi: Swali zuri. D4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Haigusi mgongo wa valvu za kuingizia. Masizi ya pale hayaoshwi na petroli ya aina yoyote, hata uweke ya ndege. Yanafunguliwa na kukwanguliwa. Dawa itasaidia nozeli tu.

Fundi Gerezani: Hapa unapotosha watu. Oktani kubwa inawaka kwa moto mkali, inaunguza valvu. Nimefungua injini nyingi kuliko miaka yako.

Mwandishi: Fundi, heshima yako. Lakini oktani kubwa ni ugumu wa kujiwasha, siyo ukali wa moto. Valvu zilizoungua ulizofungua, wangapi walikuwa na mchanganyiko mwembamba (hewa nyingi, petroli kidogo) au valvu zisizofunga sawasawa? Hilo hukulisema.

Fundi Gerezani: Wengi hawakuwa wakibadilisha plagi, hilo nakubali. Lakini wateja walisema wanaweka ya bei.

Mwandishi: Mteja husema mengi akiwa gereji.

Neema_Kigamboni: Mimi siyo mtu wa magari, ila nimevutiwa. Hiyo 95 ni asilimia 95 ya nini? Kwamba petroli ina oktani 95%?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Hapana. Kuna vimiminika viwili vya kupimia. Kimoja kinaitwa iso-oktani, kigumu kugonga, kikapewa 100. Kingine heptani, kinagonga ukikitazama tu, kikapewa 0. Kuna injini maalumu ya maabara, silinda moja, ambayo unaweza kubadilisha mbano wake ikiwa inaunguruma. Unaipa petroli yako, unaongeza mbano hadi igonge. Kisha unatafuta mchanganyiko wa vile viwili unaogonga vilevile. Ukiwa ni 95 kwa 5, petroli yako ni 95, hata kama ndani hamna tone la iso-oktani. RON inapimwa kwa mizunguko 600 kwa dakika, MON kwa 900 na mchanganyiko uliopashwa moto, ndiyo maana MON inatoka ndogo. Na kichekesho: oktani yenyewe ya kawaida, ile ya mnyororo ulionyooka, ukiipima inatoka chini ya sifuri.

Neema_Kigamboni: Duh. Kwa hiyo kuna inayozidi 100?

Mwandishi: Ipo, ethanoli kwa mfano inapita 100. Zamani njia rahisi ya kupandisha ilikuwa kutia risasi, ile metali. Thomas Midgley wa Marekani aliigundua 1921, na dunia ikavuta risasi kwa miaka mingi, watoto wakaathirika ubongo. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Risasi pia huua masega ya kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi.

Boda wa Mbagala: Boxer je? Jamaa ananipa petroli ya kidumu, bei poa, anasema ina oktani kubwa.

Mwandishi: Boxer inatosheka na ya kawaida. Huyo jamaa ameipimia wapi oktani, kwenye kidumu? Acha.

Boda wa Mbagala: Sawa mkuu usipaniki

Mwandishi: Sijapaniki. Nina kipande cha pistoni kwenye droo.

Juma Tegeta: Vipi zile chupa za kuongeza oktani wanazouza barabarani?

Mwandishi: Nilizijaribu baada ya kutengeneza injini. Wiki tatu, nikatoa plagi, sehemu nyeupe imekuwa nyekundu kama udongo wa Njombe. Nyingine zina chuma au manganizi ndani, inabaki kwenye plagi. Soma chupa kabla hujanunua. Isiyoandikwa kilichomo, mwachie muuzaji.

Mzee wa Premio: Na hili la kujaza alfajiri ili upate mengi kwa sababu ya baridi?

Mwandishi: Tenki la sheli liko chini ya ardhi mzee wangu, joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Cha maana zaidi hakikisha pampu inaanza sifuri, na ukikuta lori la mafuta linashusha, nenda sheli nyingine siku hiyo, takataka za chini huwa zimevurugwa.

Mzee wa Premio: Mimi nakumbuka tu Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza. Nikisikia itapanda najaza Jumanne.

Mwandishi: Hiyo inaokoa hela kuliko oktani.

Chalii wa Kimara: Mkuu nimerudi. Kifuniko hakifunguki. Nikivuta kile kikono cha kufungulia chini ya siti hakuna kitu, kijana wa sheli huwa anabandua kwa bisibisi.

Mwandishi: Sasa umeongea. Waya umelegea au umekatika. Fungua buti, upande ule wa tenki kwenye ukuta wa ndani bandua plastiki au zulia taratibu. Utaona mwisho wa waya na kishikio kidogo cha komeo. Kivute kwa kidole, kifuniko kitafunguka. Piga picha ya stika uilete. Halafu mwambie kijana wa sheli bisibisi yake basi, ndiyo inayokukwangulia rangi.