Tairi kwanza, padi baadaye: breki na matairi ya gari la mbio ndefu bila kuuza shamba

Kama mmechanga wasee wanne mkanunua Starlet ama Corolla ya zamani ya kukimbiza masaa manne, sita, mkipokezana usukani, swali la kwanza huwa ni tuweke padi gani za breki. Mimi nikiulizwa hivyo narudisha swali, mmeweka tairi gani? Breki kazi yake ni kushika gurudumu tu, chenye kinashika barabara ni tairi, na kama tairi haina gripi hata ununue padi ya pesa ngapi gurudumu litalock na utateleza hadi kwa mahindi ya wenyewe. Tairi ikishika sana nayo, padi ya kawaida itachomeka kabla dereva wa pili hajafunga mshipi. Kwa hivyo hii mambo inaanzia chini ikipanda, barabara, tairi, padi, fluidi ya breki. Ukianza juu utanunua mara mbili.

Barabara basi. Huku kwetu kuanzia Nakuru hadi Kisumu watu wa bajeti wanakimbia kwa vumbi, ni autokrosi (mbio fupi za kuzunguka uwanja wa vumbi) ama raundi za shamba lenye mwenyewe amekubali, lami iliyofungwa ni kitu adimu. (Na asikuje mtu kuniambia atafanya mazoezi usiku kwa mteremko wa Salgaa, pale watu wamekufa wa kutosha.) Halafu vumbi si moja. Pande za Naivasha na Elmenteita kuna ule unga mwembamba wa volkano, watu wa Safari Rally wanauita fesh fesh, unaingia kila pahali na ukiingia kwa breki unasaga. Ukishuka Ahero na Kano unapata udongo mweusi, kavu uko sawa, ikinyesha unakwama kwa tairi kilo kwa kilo. Kericho huko mvua ya mchana hata haiulizwi, utaipata tu.

Kwa murram usitafute tairi pana. Najua pana inapendeza kwa picha lakini inaelea juu ya vumbi, nyembamba inakata ikifika kwa ardhi ngumu chini. Tafuta rimu ndogo, inchi 13 ama 14, na ubavu mrefu wa 70 ama 80 (ni asilimia ya upana wa tairi), ndio jiwe likigonga raba imeze hiyo kishindo badala ya rimu. Na hapa ndio kuna ile siri watu wa pesa kidogo wanatumia, zile tairi za Probox na pikapu ndogo, zimeandikwa C ama LT (za kubeba mzigo) halafu 6PR ama 8PR (kipimo cha ugumu wa tairi), mfano 165R13C. Ubavu wake ni mgumu, haupasuki haraka, na Probox vile zimejaa hii Rift yote hutakosa saizi hata ukiwa Molo. Ubaya wake ni raba ngumu, kwa lami yenye maji zinateleza vibaya, na pia angalia ile herufi ya mwisho kwa ubavu maana ndio inakuambia spidi, N ni 140, Q ni 160, S ni 180, T ni 190. Kwa raundi za shamba hufikishi hizo kwa hivyo tulia, lakini kwa lami ndefu usiweke N.

Tredi, ule uso wa tairi unaogusa barabara, iwe ya mapengo mapana kama kuna uwezekano wa udongo mweusi. Ile ya mifereji myembamba ya kwenda kazini inajaa raundi ya pili na kutoka hapo unaendesha juu ya matope yako mwenyewe.

Sasa tairi za mtumba, maana najua mtanunua tu. Kwanza soma namba nne za mwisho kwa ile laini ya ubavuni inayoanza na herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mimi ikishapita miaka sita siitaki kwa mbio hata kama tredi imejaa, raba inakauka inakuwa plastiki. Bonyeza kucha katikati ya tredi, ikikataa kabisa kuingia hata kidogo hiyo imezeeka. Halafu ipindue ndani uangalie kama kuna kiraka kwa ubavu, pancha ya katikati ya tredi iliyozibwa vizuri naweza kukubali kwa tairi ya spea, ya ubavuni hapana. Tairi iliyochongwa upya kwa kisu cha moto ipite tu, pale wanakata hadi wanakaribia waya. Ritredi, ile tairi nzee iliyobandikwa tredi mpya, pia siweki, mbele wala nyuma, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Nunua sita za saizi moja na aina moja, zote zikiwa tayari kwa rimu. Nne zinakimbia mbili zinangoja. Kuchanganya aina mbili mbele na nyuma inawezekana lakini sasa gari linageuka tofauti kila ukibadilisha, na dereva wa tatu ndiye atashindwa kulielewa.

Kama mmebahatika mkapata lami, hesabu inabadilika. Tafuta neno TREADWEAR kwa ubavu na namba yake. Namba kubwa inadumu, namba ndogo inashika. Za kawaida ni 300 hadi 500, za michezo ni 200 hivi. Hizo namba kila kampuni inajipimia yenyewe kwa hivyo kulinganisha ya kampuni hii na ile usiiamini sana. Marekani kuna mashindano yanaitwa 24 Hours of Lemons, yalianza 2006, magari ya dola 500, na sheria yao inakataza tairi ya chini ya 190. Chenye kinanifurahisha zaidi ni kwamba kwa zile dola 500 breki, matairi na vifaa vya usalama havihesabiwi, maana yake hata watu wa kukimbiza mikebe wanajua penye pesa haibanwi. Huko Hankook Ventus RS4 ya 200 inapendwa sana kwa sababu inaisha polepole. Kwa bajeti ya huku tairi nzuri mpya ya 300 hivi inatosha kabisa, raundi moja utakuwa nyuma ya mwenye 200, lakini baada ya masaa matatu yeye ako piti anabadilisha na wewe unazunguka.

Twende kwa joto sasa, maana padi bila kuelewa joto ni kununua paka kwa gunia. Chukua gari la kilo 900, linatoka spidi ya 100 hadi 50. Breki za mbele zibebe asilimia 70, na kila disiki ya mbele iwe na kilo 4 za chuma. Hiyo breki moja inaongezea kila disiki karibu digrii 50. Toka 140 hadi 60 inakuwa kama 105, spidi haijaongezeka sana lakini joto limezidi mara mbili. Sasa weka kona kila sekunde 20 na disiki haipati nafasi ya kupoa, joto linapanda juu ya joto hadi unanusa ile harufu ya malori yakishuka Riat kuingia Kisumu. Kwa murram hali ni afadhali, spidi ni ndogo, tairi haishiki sana, gari lenyewe linaburuzwa na ardhi, kwa hivyo breki haifiki huko mbali.

Ndio maana kwa murram padi kali za mbio ni hasara. Nyingi zimetengenezwa zishike zikiwa za moto, na ukikanyaga kona ya kwanza asubuhi ya Njoro ni kama umekanyaga ubao. Unataka semi-metaliki (padi iliyochanganywa na chembe za chuma) ya kawaida ya kampuni inayojulikana. Seramiki wacha kwa gari la mama ya kwenda kanisani, ni tulivu na haichafui rimu lakini kwa hii kazi si yake. Oganiki ndio zile laini za bei rahisi, zinachomeka mapema na kuisha mapema.

Ukienda dukani geuza padi uangalie pembeni yake, utaona kamstari ka namba na mwisho wake herufi mbili, mfano FF ama EE ama GG. Ya kwanza ni vile inashika ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. FF ni sawa kwa murram na pia kwa lami ya polepole. Ikiwa FE ujue ikipata moto inapungua nguvu, irudishe kwa shelfu. Lakini hizo herufi zinatoka maabara na kipimo cha moto kinaishia kama digrii 340, kwa hivyo hazikuambii kitu kuhusu lami ya masaa sita penye disiki inapita 400. Hapo ndio unahitaji padi iliyotengenezwa kuvumilia joto kubwa, mfano Ferodo DS2500, EBC Yellowstuff, ama zile kali za Hawk, na hizo mara nyingi utaagiza Nairobi. Usitume jina la gari peke yake, Starlet moja na nyingine zinatofautiana kalipa, kile chuma kinachobana padi kwa disiki. Toa padi ya zamani, ipige picha ya mbele na nyuma ukiwa umeweka rula kando, hiyo ndio utume.

Feki ziko, na zimejaa. Padi isiyo na maandishi yoyote pembeni usinunue. Angalia kama kuna ile alama ya E ndani ya duara na namba ya idhini, angalia kama ile sehemu ya kusugua imekaa sawa kwa bamba la chuma bila mwanya, kwaruza na ukucha pembeni, ikimwagika unga unga mrudishie mtu wake. Na ukiweza nunua seti mbili siku hiyo hiyo kutoka boksi moja.

Fluidi ndio kitu rahisi kwa gari lote na ndio inaangusha watu wengi kuliko padi. Hapa DOT ni daraja la fluidi, si ile ya tairi. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwa digrii 205, ikishanyonya maji ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ikichemka kunakuwa na mvuke kwa paipu na pedali inaenda hadi chini bila kitu. Weka DOT 4 ya kopo jipya, lile la fundi limekaa wazi kwa rafu tangu Krismasi usilikubali, fungueni zile nati ndogo za kutoa hewa kwa kalipa moja moja hadi fluidi safi itoke. DOT 5 isiyo na .1 ni silikoni, usiichanganye na hizi. Mkiwa hapo toeni pini za kalipa, safisheni, pakeni grisi ya joto, maana pini ikikwama padi ya ndani inaisha na ya nje iko mpya.

Padi mpya usiingie nayo mashindano hivyo hivyo. Kwanza ikipata moto mara ya kwanza inatoa gesi na inapoteza nguvu, ni kawaida, na ndio unataka itokee siku ya mazoezi. Tafuta pahali pa wazi, toka 80 hadi 20 kwa nguvu bila kusimama kabisa, rudia mara nane ama kumi, halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga pedali, padi itajichora kwa disiki na utasikia usukani ukitetemeka siku zote.

Siku hiyo hiyo ya mazoezi pimeni. Toa gurudumu, pima unene wa padi na venia (rula ya kubana ya kupima milimita), kimbia saa moja, pima tena. Kama imeisha milimita 1 na ulianza na 11, masaa sita yanakuacha na 5, uko sawa, badilisha baada ya mbio. Ikiisha milimita 1.5 utabaki na 2, na mimi chini ya 4 sitaki, padi nyembamba haizuii joto, inalipeleka moja kwa moja kwa fluidi. Hapo panga kubadilisha wakati wa kubadilisha dereva. Angalia pia disiki, kuna namba imechapwa ukingoni ya unene wa mwisho, ikifika hapo ni chuma chakavu. Kama mnataka kupima joto, kuna zile bunduki za kupima, lakini nunua ya viwandani, ile ya corona ya paji la uso inagoma mapema sana.

Upepo wa tairi: anza na PSI 28 kwa murram, kwa lami 30 hivi, ukipima asubuhi tairi zikiwa baridi, na gauge iwe yako, ya petroli stesheni haiaminiki. Chora chaki kwa bega la tairi kutoka tredi hadi ubavuni, kimbia raundi tano. Chaki ikifutika hadi kwa ubavu ongeza 2, ikibaki kwa tredi punguza. Jua likitoka na tairi zikipata moto itapanda 4 hadi 6, usishtuke ukatoa yote halafu jioni uko chini. Gari la kuvuta mbele linakula tairi za mbele, kwa hivyo zipeleke nyuma kila mkibadilisha dereva, na mkikimbia kwa mwelekeo wa saa mtaona ya kushoto mbele ndio inaumia kuliko zote.

Dramu za nyuma, zile breki za mviringo zilizofungika, watu wanazisahau kabisa. Zikiwa wazi sana pedali inakuwa ndefu na mtalaumu padi bure. Zikazeni hadi gurudumu lianze kukwaruza kidogo, rudisha nyuma kidogo, na kila mkifungua mpulize lile vumbi na compressa mkiwa mmefunika pua.

Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya raundi chache kila mkibadilisha tairi. Na gari likiingia piti likiwa moto, hapana handbreki, hapana kukanyaga pedali, mtu aweke jiwe mbele na nyuma ya gurudumu na dereva atoke na miguu yake.