Kuandaa mazungumzo ya jukwaani kati ya mpiga fidla na mwigizaji mkongwe

Kabla ya kukodi ukumbi, wasikilize kwanza Itzhak Perlman na Alan Alda. Perlman, aliyezaliwa Tel Aviv mwaka 1945, ni miongoni mwa wapiga fidla wa klasiki wanaopendwa mno duniani. Alda, aliyezaliwa New York mwaka 1936, aliigiza daktari wa upasuaji wa jeshi katika tamthilia ya televisheni ya M*A*S*H kuanzia 1972 hadi 1983. Alda amemwalika Perlman kwenye podikasti yake, na katika filamu ya hali halisi ya Alison Chernick anaonekana akiwa mgeni mezani kwa Perlman. Ukiwasikiliza unatamani wasimalize, kwa sababu mwigizaji anamsikiliza mwenzake kwa makini kama mwanamuziki anavyosikiliza okestra. Usikivu huo unaharibiwa na vitu vidogo: kiti kibaya, maiki inayokwaruza, orodha ndefu ya maswali. Kazi ya mwandaaji ni kuviondoa mapema.

Njia ya kupanda jukwaani

Perlman aliugua polio akiwa na miaka 4. Anatembea kwa magongo au anatumia kigari cha umeme, na hupiga fidla akiwa ameketi. Kwenye matamasha ya okestra mtu mwingine humbebea fidla, kwa kuwa mikono yote miwili iko kwenye magongo. Alda naye aliugua polio akiwa na miaka 7, na mwaka 2018 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Wageni wa umri na hadhi hiyo hawapandishwi ngazi mbele ya watu huku wakishikwa kwapani.

Pima kimo cha jukwaa, kisha zidisha kwa 12: huo ndio urefu wa njia ya mteremko. Jukwaa la sentimita 60 linahitaji mita 7.2. Mafundi wengi watakuletea ubao wa mita 3 wakisema unatosha. Hautoshi, maana mteremko unakuwa mkali, magongo yanateleza, na kigari kinaweza kupinduka nyuma. Upana uwe angalau mita 1, kingo ziinuliwe sentimita 5 au zaidi, na uso wake usiwe wa rangi ya mafuta inayong'aa. Ondoa mazulia madogo jukwaani. Waya zote zipite nyuma ya viti na zibandikwe chini kwa utepe.

Kama nafasi haitoshi kwa njia hiyo, weka viti chini, usawa wa sakafu, na watazamaji wakae nusu duara. Mara nyingi mpangilio huu unapendeza kuliko jukwaa.

Viti na meza

Kiti cha mpiga fidla kisiwe na mikono, kiwe kigumu, na kimo cha sentimita 45 hadi 48. Makochi ya kifahari ambayo kumbi hupenda kuyatoa yanamzamisha mtu, mgongo unapinda na kiwiko cha kulia kinagonga mkono wa kiti. Upinde wa fidla una urefu wa karibu sentimita 75, kwa hiyo upande wake wa kulia ubaki wazi mita 1 nzima. Mwigizaji akae upande wa kushoto wa mpiga fidla, viti vikigeuziana kidogo, umbali wa mita 1.5. Wakikaribiana zaidi upinde utamtisha anayesikiliza. Wakiachana mno watajikuta wanaongea na ukumbi badala ya kuongea wao kwa wao.

Maji yawekwe kwenye meza ndogo upande wa mwigizaji. Fidla ipate meza yake, pana, yenye kitambaa kinene, nyuma kidogo ya mpigaji lakini mkono ufike. Isiwekwe kamwe juu ya kiti kitupu, kwa sababu atatokea mtu wa kuketi.

Fidla na hewa ya ukumbi

Hapa ndipo waandaaji wengi wasio wanamuziki hukosea, na kosa lenyewe linaweza kupasua mbao. Fidla ya Perlman iitwayo Soil ilitengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1714, na kabla yake ilikuwa mikononi mwa Yehudi Menuhin. Hata fidla ya bei nafuu imejengwa kwa namna ileile: mbao nyembamba za milimita chache, gundi inayoyeyuka kwa joto na maji, na nyuzi nne (G, D, A, E) zinazovuta kwa nguvu kubwa. Inapenda joto la nyuzi 18 hadi 24 na unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60.

Wapigaji wa taarabu asilia wa Unguja wanaijua vizuri shida ya pwani. Nje, hewa ya Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam imejaa unyevu, na vigingi vya kukazia nyuzi huvimba na kukwama. Ukiingia ukumbi wenye kiyoyozi kikali hewa inakauka, vigingi vinasinyaa, vinateleza, na uzi unalegea katikati ya wimbo. Kwa hiyo washa kiyoyozi muda wa saa 3 kabla ya fidla kufika, kiweke kwenye nyuzi 23 au 24, kisha usikiguse tena. Fidla ikifika, sanduku libaki limefungwa dakika 30 ili lizoee hewa ya ndani. Hakikisha hakuna tundu la kiyoyozi linalopuliza moja kwa moja kwenye kiti. Gari lililoegeshwa juani si mahali pa kuachia fidla hata kwa dakika 10.

Vifaa vya akiba mezani: seti moja kamili ya nyuzi pamoja na uzi wa E wa ziada, kwa kuwa ndio mwembamba kuliko zote na hukatika mara nyingi, utomvu mkavu wa kupaka kwenye nywele za upinde, kitambaa laini cha kufuta jasho. Kama kuna piano, ipangwe sauti siku hiyohiyo, na mpiga fidla aulizwe mapema anataka A, noti ambayo ala zote hupangiwa sauti, iwe ya hezi 440 au 442. Piano haibadilishwi dakika ya mwisho.

Sauti

Maiki ya kifuani ya mpiga fidla ibandikwe upande wa kulia wa shati. Fidla inakaa bega la kushoto, na maiki ikiwa huko itagongwa na kukwaruza kila anapoiinua. Mwigizaji naye apewe ya kifuani, hasa kama mikono inatetemeka. Maiki ya kushika inamlazimisha mtu kupigana na mkono wake badala ya kufikiri. Kwa sababu hiyohiyo usimpe kadi za karatasi. Maswali yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukurasa mmoja, juu ya stendi ya noti.

Katika ukumbi wa watu 300 au pungufu, wenye dari nzuri, fidla haihitaji spika. Ukilazimika, tumia maiki moja ya kondensa, yaani aina nyeti ya studio, iliyosimamishwa mita 1 hadi 1.5 juu ya fidla, ikielekea matundu yake ya sauti. Fundi mitambo azime maiki ya kifuani kila upinde unapoinuliwa. Akisahau, sauti ileile itaingia kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo, na fidla itasikika nyembamba, kama inapigiwa ndani ya bomba. Mpe fundi karatasi inayoonyesha dakika ya kila wimbo.

Ratiba

Dakika 80 bila mapumziko zinatosha. Karibisha kwa dakika 3, mazungumzo dakika 25, wimbo mfupi dakika 5, mazungumzo tena dakika 25, maswali ya ukumbi dakika 12, na dakika 10 za mwisho ziwe za muziki.

Wimbo wa kwanza uwe wa polepole. Mtu aliyekaa dakika 25 akiongea vidole vyake vimepoa na nyuzi zimehama kwenye sauti zake. Ukimpa kipande cha kasi unamdhalilisha. Apate dakika nzima ya kukaza nyuzi, na mtangazaji anyamaze wakati huo. Watu wanaompenda msanii wanapenda pia kumwona akitega sikio. Ule wimbo ambao kila mtu amekuja kuusikia ubaki mwishoni. Kwa Perlman ni ule mkuu wa John Williams katika filamu ya Schindler's List ya 1993. Ukiupiga mapema, ukumbi hautasikia tena neno.

Utambulisho na maswali

Utambulisho usizidi dakika 2, na kila jambo lililomo lihakikiwe. Kisa cha Perlman kumaliza tamasha zima kwa nyuzi tatu baada ya mmoja kukatika kinasomwa katika hotuba nyingi, ila hakina ushahidi wa wakati huo. Usikisome mbele yake. Yaliyo kweli yanatosha: akiwa mdogo alikataliwa na chuo cha muziki kwa kuwa hakuweza hata kuishika fidla, na akiwa na miaka 13, mwaka 1958, alipiga kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan huko New York.

Andaa maswali 6, kisha mwambie mwigizaji kwamba 2 tu yakitumika umefanikiwa. Alda aliongoza kipindi cha sayansi cha televisheni kwa zaidi ya miaka 10, na somo alilolibeba kutoka huko ni kwamba swali lililoandaliwa linaziba sikio, kwani muulizaji anawaza lijalo wakati jibu bado linatolewa. Baadaye alisaidia kuanzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Stony Brook ambako wanasayansi hufundishwa kuongea kwa kupitia michezo ya uigizaji wa papo kwa papo.

Swali zuri linaweza kujibiwa kwa fidla. "Ulianzaje?" linaleta jibu lililokwisha kutolewa mara elfu. "Tuonyeshe noti moja unayompigia mwanafunzi mara mbili, vibaya na vizuri" linaleta muziki na maelezo kwa pamoja. Perlman alisoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, kwa Ivan Galamian, aliyekuwa akielekeza, na kwa Dorothy DeLay, aliyekuwa akiuliza. Swali kuhusu tofauti ya walimu hao wawili linaweza kujaza robo saa. Habari za ugonjwa waachie wao wenyewe. Wawili waliougua polio utotoni watalifikia jambo hilo kwa njia yao, na likitoka kwao linapendeza. Likitoka kwenye maiki ya ukumbi linakuwa udadisi.

Maswali ya ukumbi yaandikwe kwenye vikaratasi mlangoni, mtu mmoja ayachague 5 au 6 wakati wa wimbo wa kwanza. Baada ya makofi, fidla iingie sandukuni kwanza, ndipo watu waruhusiwe kusogea. Utiaji saini ufanyike mezani wageni wakiwa wameketi, usizidi dakika 20, na walinzi waelezwe kwamba mkono wa mpiga fidla haubanwi.