Mashine ya nyuma kwa mashua ya tanga: jinsi ya kuchagua bila kununua HP za bure

Mimi kazi yangu kufunga na kutengeneza mashine za boti, nyingi nafunga kwenye mashua na ngalawa za tanga huku kwetu Mtwara na Lindi, na swali ninaloulizwa kila siku ni "fundi, ninunue HP ngapi?", yani mashine ya nguvu za farasi ngapi. Swali zuri ila limekuja mapema mno. Ukianza na HP muuzaji atakupa kilichopo stoo, na kilichopo stoo mara nyingi ni mashine ya boti za faiba zile zinazoruka juu ya maji, wakati mashua yako hairuki na haitakuja kuruka hata uifunge mashine mbili. Twende taratibu, chukua na futi kabisa.

Hatua ya 1: Jua mashine unaitaka ya nini

Mashua ya tanga injini tayari inayo, ni tanga lenyewe. Mashine inakuja kusaidia pale upepo umekufa na samaki wanaharibika, pale unataka kuingia mlango wa bandari na maji yanatoka kwa nguvu, na pale kusi inakupiga usoni. Sasa jiulize wewe uko wapi kati ya hayo. Anayevua ndani ya ghuba ya Mtwara akarudi Msangamkuu hana shida sawa na anayetoka Kilwa Masoko kwenda Songo Songo, na wote wawili hawana shida ya anayeshuka toka Kilwa kuja Mtwara. Huyu wa mwisho anapigana na mkondo, maana ule mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki ukifika pwani hizi za Mtwara na Cabo Delgado ya Msumbiji unagawanyika, tawi moja linapanda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi ndo linakuwa kali zaidi. Kwaiyo safari ile ile ya kwenda na kurudi, mafuta ya kushuka kusini siyo mafuta ya kupanda. Wengi wanapiga hesabu ya upande mmoja afu wanazidisha mara mbili, ndo unakuta mtu anapiga simu yuko katikati anaomba kuvutwa.

Hatua ya 2: Jua mwisho wa spidi ya mashua yako

Hii watu hawapendi kuisikia. Mashua inayokaa ndani ya maji ina mwisho wake wa spidi na mwisho huo unatokana na urefu, HP hazihusiki. Pima urefu wa pale inapogusa maji ikiwa imepakia, usipime toka ncha ya omo (mbele) mpaka tezi (nyuma). Chukua kipeuo cha pili cha hizo mita, zidisha kwa 2.4, unapata noti, yani maili za bahari kwa saa. Mita 5 inakupa noti 5.4 hivi, mita 6 kama noti 6, mita 8 kama 6.8. Noti 6 ni kilomita 11 kwa saa basi.

Sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Mashua ikitembea inatengeneza wimbi pale omo, na spidi ikipanda lile wimbi linarefuka mpaka linalingana na mashua yenyewe, hapo omo iko juu ya wimbi na tezi iko juu ya wimbi la pili, sasa ukiongeza moto, yani mafuta, wimbi linaizidi mashua kwa urefu, tezi inaangukia shimoni na mashua inajaribu kupanda wimbi ililolitengeneza yenyewe. Tezi inazidi kuzama, maji yanachungulia juu ya shetri, ule ubao wa nyuma unaobeba mashine, petroli inaisha, na spidi imeongezeka nusu noti labda. Zile HP za ziada ndo zimeishia hapo.

Hatua ya 3: Sasa ndo HP

Kanuni tunayotumia ni HP 4 kwa kila tani moja, na tani maana yake mashua na watu na barafu na nyavu na maji yaliyonywewa na mbao, siyo mashua ikiwa kavu pwani. Mashua ya mita 6 yenye tani moja na nusu ikipakia inataka HP 6. Ongeza kidogo kwa ajili ya kusi na mlango wa bandari, unafika 8 au 9.9. Tani tatu inataka 12, kwaiyo nunua 15. Ngalawa yenye matengo yake, nyembamba na nyepesi, HP 2.5 mpaka 5 inakwenda vizuri tu na ngalawa yenyewe haibebi zaidi ya hapo.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi sana. Kwenye kampuni nyingi mashine ya 9.9 na ya 15 ni bodi moja, uzito ule ule au unakaribiana sana, na 4, 5 na 6 nazo mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Kwaiyo kama bei hazipishani sana chukua ile kubwa ndani ya bodi hiyo hiyo uiendeshe kwa moto mdogo, itadumu. Ila kuruka kutoka 15 kwenda 40 ni kubadili kila kitu, uzito unaenda kilo 70 na zaidi, tezi inazama hata kabla hujawasha.

Hatua ya 4: Shafti, hapa ndo pesa inapopotea

Shafti ni ule mguu wa mashine unaoshuka mpaka kwenye propela. Mashine zinakuja na shafti fupi ya inchi 15, ndefu ya inchi 20, na ndefu zaidi ya inchi 25. Ukitaja HP tu bila kusema shafti, usishangae kufika nyumbani na fupi. Fupi kwa mashua ya tanga ni matatizo matupu. Mashua inapanda na kushuka kwenye mawimbi, na tezi ikinyanyuka propela inatoka majini, mashine inalia kwa nguvu haina mzigo, afu inarudi ghafla majini na gia zinapokea kishindo. Ikiwa hivyo kutwa nzima gia boksi haifiki mbali, na impela ya pampu ya maji ya kupoza inanyonya hewa badala ya maji kwaiyo mashine inapata moto pia.

Kupima fanya hivi. Pima kutoka juu ya shetri, pale mashine itakapokaa, wima mpaka usawa wa chini wa mashua pale pale nyuma. Ukishapata hicho kipimo, lile bati pana lililo juu ya propela linatakiwa likae chini ya usawa wa mashua kwa inchi moja mpaka mbili. Hiyo ni kwa boti nyingi za kawaida, kwa mashua ya tanga mi napendelea inchi tatu au nne kwa sababu ya mawimbi yetu ya kusi. Shetri yako ikiwa juu sana, na mashua nyingi za mafundi wetu ni hivyo, hata shafti ya inchi 20 haitoshi, basi una njia mbili: ukate shetri, ambayo siishauri maana ndo mlango wa maji, au utengeneze kibao cha kando kinachoteremka chini kwa bawaba au kwa reli.

Afu usukani. Mashua yenye usukani katikati ya shetri mashine lazima ikae pembeni, na ukiweka mbali na katikati, mashua ikilala upande mmoja kwa tanga propela inaachwa hewani. Iweke karibu na usukani kadiri inavyowezekana ila kwanza ujaribu kwa mkono, zungusha usukani mpaka mwisho na mashine nayo izungushe mpaka mwisho, visigusane. Nimeona propela imekula usukani wa mvule, na mvule siyo mti wa mchezo.

Kwenye ngalawa ubao wa mashine unafungwa ubavuni, hapo hesabu ya shafti inaanzia juu ya huo ubao.

Hatua ya 5: Propela

Propela ina namba mbili zimeandikwa, ya kwanza upana wake, ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inakaza kwenye kitu kigumu. Chukulia mashine ya HP 15 inayozunguka mara 5500 kwa dakika, gia yake inapunguza kama mara 2 na ushee (mashine ikizunguka mara mbili na kidogo, propela inazunguka mara moja), na propela yenye namba ya pili inchi 9. Ukikokotoa unapata kilomita 36 kwa saa. Yani propela hiyo inadhani imefungwa kwenye boti ya noti 19 na wewe mwisho wako 6! Matokeo yake mashine inakabwa, haifiki mizunguko yake, inakula plagi, inatoa moshi, mtu anasema mashine mbovu.

Omba propela ya namba ya pili ndogo, 7 au chini ya hapo kama ipo kwa modeli yako, na upana mkubwa unaoingia. Kampuni kadhaa zina modeli za kusukuma mizigo, kama Yamaha T9.9, gia yake inapunguza karibu mara 3 na propela yake ni pana, kwa mashua nzito ya tanga hiyo 9.9 inaizidi 15 ya kawaida kwenye kusukuma, hasa kusimamisha mashua na kurudi nyuma. Tatizo kuipata huku kwetu, mara nyingi ni ya kuagiza.

Hatua ya 6: Tustroki au forstroki

Tustroki ni ile unayochanganya oili kwenye petroli, forstroki oili yake inakaa peke yake. Forstroki inaokoa mafuta, kama theluthi hivi ukilinganisha, na kelele ndogo. Lakini HP 15 ya tustroki ni kilo 36 mpaka 40 wakati forstroki inakaribia 50 au inapita, na huku kwetu mashine inafunguliwa kila jioni inakwenda kulala nyumbani, ukiiacha pwani asubuhi unakuta kibao kitupu. Kilo kumi begani kwenye mchanga wa Msimbati si kidogo. Pia forstroki ukiilaza upande usio wake oili inaingia kwenye silinda, kwaiyo ukiipakia kwenye bodaboda angalia alama ya upande wa kulazia. Mi kwa anayevua kila siku, umbali mrefu, nasema forstroki. Kwa anayetumia mashine robo saa kuingia bandarini na kazi nyingine inafanywa na tanga, tustroki inatosha, spea zake ziko kila mahali na fundi yeyote anaifungua.

Tustroki nyingi za sasa ni 50 kwa 1, yani petroli 50 kwa oili 1, dumu la lita 20 unatia oili mililita 400. Soma kitabu cha mashine yako, usifuate cha jirani. Na oili iwe ya mashine za boti, ya pikipiki hapana.

Hatua ya 7: Ukinunua mtumba

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukishika ukakuta ya moto, kuna kitu anaficha. Fungua skrubu ya chini ya gia boksi, oili ikitoka kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, sili zimekufa. Pima kompresheni, yani mgandamizo wa ndani ya silinda, silinda zote zilingane au zipishane kidogo sana. Iwashe kwenye pipa la maji uangalie ule mkojo wa maji ya kupoza unatoka kwa nguvu. Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, ondoka, usiulize hata bei ya mwisho.

Hatua ya 8: Kufunga na kujaribu

Kibao kiwe mbao ngumu ya inchi mbili, mashine ikazwe kwa bolti za stenlesi zinazopita mpaka ndani, zile skrubu za mkono pekee zinalegea kwa mtetemo. Halafu kamba ya usalama toka kwenye mashine mpaka kwenye taruma (mbavu za mashua), maana mashine ikidondoka kwenye kina utamwachia pweza.

Kujaribu jaribu ukiwa umepakia, siyo mashua tupu. Ukiweza kupata mita ya mizunguko, fungua moto wote kwa muda mfupi uone kama inafika kwenye mizunguko iliyoandikwa kitabuni. Isipofika, namba ya pili ya propela yako bado kubwa. Ikipitiliza, ndogo mno. Mashine ikiwa mpya masaa 10 ya mwanzo iendeshe kwa kubadilisha badilisha moto, usiikamue muda mrefu, tustroki kwa kipindi hicho nyingi zinataka 25 kwa 1, yani mililita 800 kwa dumu la lita 20, na masaa hayo yakiisha mwaga oili ya gia uweke mpya, utakuta ya kwanza ina unga wa chuma na ni kawaida, sio kwamba umeuziwa mbovu.