Kagua matumizi ya mkurugenzi wa michezo kabla mtoto hajasaini skolashipu Marekani

Kazi yangu ni kuwasomea wazazi makaratasi ya skolashipu za kukimbia, na kila msimu naulizwa lile lile, chuo kina uwanja mpya na kocha wa jina kubwa, si kiko sawa? Jamani, uliza kwanza uwanja umejengwa kwa deni la nani. Mimi nakagua hivi.

Hatua ya 1: tafuta hesabu. Kila chuo cha mchanganyiko chenye timu za michezo na wanafunzi wanaopata msaada wa masomo wa serikali kuu lazima kipeleke ripoti ya michezo kila mwaka kwa Wizara ya Elimu ya Marekani, inaitwa EADA, iko kwenye intaneti bure, unaandika jina la chuo unaona kila timu imetumia ngapi. Usiishie hapo lakini, manake vyuo vingi mapato na matumizi utakuta yamelingana sawasawa, ukadhani mambo ni shwari. Kama ni chuo cha umma, andikia ofisi yao ya rekodi uombe ripoti ya fedha waliyopeleka NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani.

Hatua ya 2: kwenye mapato toa ada za wanafunzi na pesa kilizotia chuo chenyewe. Inayobaki ndiyo idara ya michezo imejitafutia.

Hatua ya 3, hapa tulia: malipo ya madeni ya viwanja. Chukua chuo cha Berkeley kule California. Uwanja wao wa futiboli ya Kimarekani umekalia ufa wa tetemeko wa Hayward, kwa hiyo kuukarabati ilikuwa lazima, siwalaumu kwa hilo. Shida ni mpango wa kulipa, walitegemea mashabiki wanunue haki ya viti kwa miaka 40 au zaidi, uwanja ukafunguliwa tena 2012, viti havikutoka kama walivyopiga hesabu, wakabaki na deni la zaidi ya dola milioni 400 na mwishowe chuo kikabeba sehemu kubwa. Kwa hiyo ukisikia "wafadhili watalipa", uliza ni pesa zilizoingia benki au ni ahadi.

Hatua ya 4: mkataba wa kocha, anza na kipengele cha kumfukuza. Chuo cha Texas A&M walimsaini kocha wa futiboli Jimbo Fisher Desemba 2017, miaka 10, dola milioni 75, halafu 2021, baada ya msimu mmoja mzuri wa kushinda 9 na kupoteza 1, wakamwongezea mpaka 2031. Novemba 2023 wakamtoa, na fidia ikapita milioni 75, hata akipata kazi kwingine haipungui! Hapo tenganisha wakurugenzi wa michezo wa chuo, aliyemleta ni Scott Woodward, aliyekuwepo wakati wa nyongeza ni Ross Bjork. Kwangu nyongeza ndiyo mbaya zaidi, kocha bado alikuwa na miaka mingi kwenye mkataba, haraka ya nini? Ila Woodward naye alihamia chuo cha LSU akampa kocha Brian Kelly miaka 10 kwa milioni 95, Oktoba 2025 Kelly akafukuzwa. Mkurugenzi mpime kwa mikataba yote aliyosaini, kote alikopita.

Hatua ya 5: angalia nani anakatwa. Chuo cha Clemson walifungua jengo la futiboli la milioni 55 mwaka 2017, lina mpaka mtelezo wa kuchezea, 2019 wakampa kocha wa futiboli Dabo Swinney mkataba wa milioni 93, halafu Novemba 2020 wakatangaza kufunga riadha ya wanaume waokoe milioni 2 na kitu kwa mwaka. Milioni 2! Aprili 2021 walirudisha, baada ya wanariadha kupigana sana, lakini fikiria mzazi aliyesubiri miezi yote hiyo.

Na tangu Julai 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza ukomo uliwekwa kama milioni 20.5 kwa chuo, kwa hiyo timu ndogo zinabanwa zaidi. Kabla ya kusaini mwandikie kocha swali hili na udai jibu la maandishi: timu ikifungwa, skolashipu ya mtoto wangu inaendelea mpaka amalize digrii?